Bunduki ya Kuwindia Isafishwe Mara Ngapi, na kwa Kina Gani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu anayemiliki bunduki kwa leseni au aliyekabidhiwa kazini: mwindaji, mlenga shabaha, mfugaji, askari wa wanyamapori. Yanahusu zaidi bunduki za bolti, zile unazovuta mkono wa bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) kila baada ya mlio, kuanzia kipenyo kidogo cha .22 hadi .375 ya kumsimamisha nyati. Bunduki za kujipakia zimepewa swali lao huko chini.

Nipe jibu fupi kwanza. Mara ngapi?

Chuma cha nje kifute kila siku uliyoishika bunduki, hata kama hukupiga. Ndani ya mtutu pitisha vitambaa jioni ya siku uliyopiga. Usafi wa kina, ule wa brashi na dawa ya kutoa shaba, ufanye shabaha inapoanza kulegea au unapotaka kuiweka bunduki kwa miezi kadhaa. Mvua, maji ya bahari, damu, na risasi za zamani ambazo fataki yake (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) huacha chumvi, havina ratiba. Hivyo vinashughulikiwa siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha usiku.

Watu wengi wanapenda kupewa idadi: kila baada ya risasi ishirini, kila baada ya hamsini. Idadi ni kipimo dhaifu. Bunduki iliyopiga risasi hamsini Dodoma mwezi wa nane, ikalala kavu, iko salama kuliko ile ambayo haikupiga hata moja lakini ilivuka bahari kwenda Pemba ikiwa ndani ya mkoba wa ngozi. Unyevu ndio unaomaliza bunduki nyingi. Wa pili wake ni mdeki, yaani fimbo ya kusafishia mtutu, wa mwenye bunduki mwenyewe, nami nitalieleza hilo kwa kirefu kwa sababu linaumiza kuliona.

Kabla sijagusa brashi, naanza na nini?

Toa magazini. Fungua bolti, angalia chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho, kisha ingiza ncha ya kidole uhakikishe haina kitu. Gizani au kwenye uchovu wa safari macho hudanganya, kidole hakidanganyi. Halafu risasi zote zitoke kwenye chumba hicho. Kuziweka upande wa pili wa meza hakutoshi. Mdomo wa mtutu uelekee mahali ambapo hakuna mtu, hata bolti ikiwa nje.

Fanyia kazi hiyo barazani au penye madirisha wazi. Masizi ya fataki yana madini ya risasi, na hayo ni sumu, hasa kwa watoto na mama mjamzito. Usitumie meza ya chakula, usile wala kuvuta sigara ukiwa unasafisha, na vitambaa vilivyotumika vifungwe na kutupwa mbali na mikono ya watoto. Ukimaliza, nawa kwa sabuni.

Nimepiga risasi tatu tu kuhakiki darubini. Kuna haja?

Ya usafi wa kina, hapana. Kama risasi ni za kisasa na hewa ni kavu, futa nje, pitisha kitambaa kikavu ndani, kifuate chenye mafuta kidogo, basi. Kama kesho asubuhi unaingia porini na bunduki hiyo hiyo, wengi wetu tunauacha mtutu kama ulivyo baada ya zile risasi tatu, kwa sababu utakayoisoma kwenye swali la risasi ya kwanza.

Ndani ya mtutu kunabaki uchafu gani hasa?

Wa aina tatu, na kila mmoja una dawa yake.

Kwanza ni masizi ya baruti. Ni meusi, laini yakiwa mapya, magumu yakipigwa moto tena na tena, hasa pale mbele ya chemba ambapo mifereji ya ndani, ile inayoizungusha risasi, inaanzia. Dawa ya kawaida ya mtutu na brashi huyatoa.

Pili ni shaba. Kichwa cha risasi nyingi za kuwindia kimevikwa koti la mchanganyiko ambao karibu wote ni shaba, asilimia 95 hivi, na zinki kidogo. Kinapopita kwenye mifereji kwa kasi kubwa kinaacha utando. Ukiangalia mdomo wa mtutu kwenye mwanga wa jua la jioni utaona michirizi ya rangi ya senti ya zamani. Risasi za shaba tupu huweza kuacha zaidi. Mafuta hayatoi shaba hata ukiyamwaga chupa nzima. Inahitaji dawa yake, nyingi zikiwa na amonia.

Tatu ni madini ya risasi yenyewe, kwa bunduki zinazopiga vichwa visivyo na koti, kama .22. Huo hung'olewa na brashi.

Halafu kuna chumvi ya fataki za zamani, ambayo huioni kabisa, na hiyo ina swali lake.

Nielekeze usafi wa kina kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Laza bunduki kwenye vishikio au mifuko ya mchanga, mdomo wa mtutu ukiwa chini kidogo kuliko nyuma. Hili ni la lazima: dawa na mafuta yateremkie mbele, yasirudi nyuma yakaingia kwenye mtambo wa triga, kwenye mbao ya kitako na kwenye darubini. Nimeona vitako vya mbao nzuri ya mjozi vimekuwa vyeusi na laini pale vinaposhikana na chuma, kwa sababu kila mara bunduki ilipakwa mafuta na kusimamishwa kabatini. Mbao iliyolowa mafuta haishiki skrubu, na skrubu zikilegea darubini utailaumu bure.

Toa bolti. Safisha kutokea nyuma, upande wa chemba, kila inapowezekana. Mdeki uwe wa kipande kimoja, wa chuma laini kilichovikwa plastiki au wa nyuzi za kaboni, wenye mpini unaozunguka ili brashi ifuate mifereji. Ile mideki ya vipande vitatu vya alumini inayouzwa kwenye vikasha vidogo hujipinda katikati, kingo za maungio zinakwaruza, na alumini laini hunasa chembe za mchanga zikageuka msasa. Kama una uwezo, nunua bomba la kuongoza mdeki linalokaa mahali pa bolti. Linauweka mdeki katikati na kuzuia dawa isimwagike kwenye triga.

Tanguliza kitambaa kilicholowa dawa, kisukume hadi kitoke mbele, kiondoe, usikirudishe ndani na uchafu wake. Viwili vitatu hivi. Subiri dakika chache. Kisha brashi ya shaba nyekundu yenye kipenyo cha bunduki yako, iliyolowa dawa, ipite mtutu mzima hadi itokee mdomoni ndipo uivute. Usigeuze brashi ikiwa katikati ya mtutu. Nyuzi zake zitakunjika na inaweza kunasa. Mara nane au kumi zinatosha. Rudia vitambaa vya dawa, halafu vikavu, hadi weusi uishe.

Sasa shaba. Hapa tumia brashi ya nailoni, au kitambaa tu, maana dawa ya amonia itayeyusha brashi ya shaba na kukupa rangi ya uongo. Paka, ngoja kwa muda ulioandikwa kwenye chupa na usizidishe, kisha sukuma kitambaa kikavu. Kikitoka na bluu iliyochanganyika na kijani, shaba ipo na inatoka. Rudia. Usiache dawa ya amonia ilale usiku kucha ndani ya mtutu kama maelekezo ya chupa hayajaruhusu, na usichanganye dawa mbili tofauti humo ndani.

Ukimaliza, kausha vizuri, na chemba uikaushe peke yake kwa kitambaa kilichozungushiwa kwenye kijiti. Malizia kwa kitambaa chenye matone mawili ya mafuta kama bunduki inakwenda kupumzika.

Nitajuaje kwamba sasa imetosha?

Kitambaa cha dawa kikikaa dakika kumi na kutoka kikiwa na kivuli tu cha rangi, acha. Hakuna sababu ya kutafuta kitambaa cheupe kabisa kwenye bunduki ya kuwindia. Mtutu wenye shaba kidogo iliyotulia hupiga vizuri, na mitutu mingi haifiki kwenye ubora wake hadi ipate utando huo mwembamba. Karatasi ya shabaha ndiyo itakayokuambia. Kama matundu matatu yalikuwa yanafunikwa na kifuniko cha chupa ya soda na sasa yanahitaji kiganja, na darubini imekazwa vizuri, hapo safisha shaba.

Kwa nini baada ya kusafisha risasi ya kwanza inakwenda pembeni?

Kwa sababu mtutu mkavu uliosafishwa, mtutu wenye mafuta na mtutu uliokwisha kupiga ni kama mitutu mitatu tofauti kwa risasi inayopita. Mafuta ndiyo mabaya zaidi: yanabadilisha msuguano na shinikizo, na risasi hutoka na tabia isiyotabirika.

Hivyo kabla ya kupiga, kausha mtutu na chemba. Chemba yenye mafuta ina hatari ya pili: ganda la risasi linapolipuka hutanuka na kushika ukuta wa chemba, na kushika huko kunaipunguzia bolti mzigo. Kukiwa na mafuta, ganda linateleza na kuisukuma bolti kwa nguvu zaidi. Kwenye .375 au .458 hilo si jambo la kuchezea.

Mwindaji makini husafisha, kisha hupiga risasi mbili au tatu kwenye karatasi, anahakiki darubini, na kuingia porini bila kusafisha tena mtutu mpaka safari iishe au maji yaingie. Nyati hapewi risasi ya majaribio.

Babu yangu alikuwa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki. Alikuwa akimwagia bunduki maji ya moto. Sasa hivi kila mtu ananiambia maji ni adui. Nani yuko sahihi?

Babu alikuwa sahihi, na alijua anachofanya.

Risasi za .303 walizotumia askari wa Keya kwenye Lee-Enfield zilikuwa na fataki yenye klorati ya potasiamu. Ikilipuka, inaacha ndani ya mtutu kloridi ya potasiamu, ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani. Chumvi hiyo huvuta unyevu kutoka hewani na kuulaza juu ya chuma. Usiku mmoja wa masika unatosha kuanzisha kutu. Na hii ndiyo sehemu ambayo watu hawaielewi mpaka leo: chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Ukipaka mafuta juu yake umeifunika tu, nayo inaendelea kula chuma chini ya mafuta yako mazuri. Inayeyuka kwenye maji. Kwa hiyo askari alimimina maji yanayochemka kupitia chemba kwa kutumia faneli, maji yakaondoka na chumvi, na chuma kilichopata moto kikajikausha chenyewe. Ndipo akavuta kitambaa kikavu kwa ile kamba yenye uzito wa shaba mwishoni, halafu kitambaa cha mafuta. Kamba hiyo na kichupa cha mafuta vilikaa ndani ya tundu la kitako, nyuma ya kile kifuniko kidogo cha chuma, na vingalipo kwenye bunduki nyingi za zamani.

Upande wa Wajerumani kulikuwa na kazi nzito zaidi. Askari wengi wa jeshi lao waliopigana Tanga Novemba 1914 walibeba Mauser za muundo wa 1871, za milimita 11, zinazotumia baruti nyeusi. Moshi wake uliwafichua walipo, na masizi yake yalijaa chumvi zinazovuta maji. Bunduki ya baruti nyeusi inataka maji na sabuni kila siku iliyolia, bila msamaha.

Risasi mpya za kuwindia za viwanda vya leo hazina fataki ya chumvi. Kwa hizo huhitaji maji. Lakini kama umepata risasi za akiba za kijeshi za miaka ya nyuma, au huna uhakika wa umri na asili ya risasi zako, zichukulie kuwa zina chumvi. Maji ya moto, kausha, kisha usafi wa kawaida, jioni ile ile. Bolti nayo usiisahau: uso wake na pini inayogonga fataki hupigwa na gesi ile ile.

Kwa hiyo maji ni adui yakiachwa. Yakipitishwa na kukaushwa ni dawa.

Naishi Tanga, bunduki iko kabatini miezi tisa kwa mwaka. Nifanye nini?

Pwani ni mahali pagumu kwa chuma, iwe Tanga, Dar, Mombasa au Lamu. Hewa yenyewe ina chumvi. Shika sehemu ya bolti kwa mkono wenye jasho, iache usiku, na asubuhi unaweza kuona alama ya dole gumba lako imeandikwa kwa kutu nyepesi ya rangi ya machungwa, mistari yote ya ngozi ikionekana.

Ninachoshauri kwa wakazi wa pwani ni hiki. Itazame bunduki mara moja kila wiki mbili wakati wa masika na vuli, mara moja kwa mwezi miezi mingine. Kila ukiitazama, futa kwa kitambaa cha pamba chenye mafuta mepesi na uishike kwa kitambaa hicho unapoirudisha, usiiguse tena kwa mkono mtupu. Kabla hujaihifadhi, safisha shaba na masizi yote, maana masizi hushika unyevu, kisha paka mtutu mafuta ya kuhifadhia ambayo ni mazito kidogo. Funga kikaratasi kwenye mkono wa bolti kikisema MTUTU UNA MAFUTA, ili wewe au mwenzako mwenye leseni asisahau kukausha msimu unapofika.

Mkoba wa ngozi au wa manyoya ni wa safari tu. Ngozi hushika unyevu, na dawa za kuitengenezea zinakula chuma. Hata sponji ya sanduku la plastiki hunyonya maji na kuyatunza. Bunduki ikae wazi ndani ya kabati la chuma linalofungwa kama sheria inavyotaka, na humo weka vifuko vya silika, vile vya kufyonza unyevu. Vinachoka. Vikaushe kwenye oveni kwa moto mdogo au vibadilishe.

Chuma kisichoshika kutu kinachelewa kushika kutu, basi. Kwenye chumvi ya bahari nacho kinapata vidonda vidogo, na kwa sababu mwenyewe amekiamini hakitazami.

Imenyeshewa, au imeangukia mtoni. Sasa je?

Ondoa risasi, toa bolti, mimina maji yote. Kama ni maji ya bahari, suuza kwanza kwa maji mengi yasiyo na chumvi, vinginevyo unakausha chumvi ndani. Kausha kwa vitambaa, weka kivulini penye upepo, usiibandike kando ya moto wa kambi kwa sababu mbao itapasuka. Dawa za kusukuma maji kama WD-40 zina kazi nzuri hapa. Ndivyo ilivyokusudiwa ilipotengenezwa 1953. Baadaye ifute yote, maana si mafuta ya kukaa, na ikiachwa miezi huganda na kuwa nta ya njano kwenye triga.

Kama maji yameingia kweli, kitako kinapaswa kutolewa ili sehemu ya chini ya mtutu, ambayo hakuna anayeiona, ikaushwe. Ukirudisha, kaza skrubu sawasawa kama zilivyokuwa na uhakiki darubini kwa risasi kabla ya kuwinda. Kutoa kitako kila wiki bila sababu ni kuiharibu shabaha kwa mikono yako.

Damu ya mnyama ifutwe pale pale kwa kitambaa chenye maji kisha mafuta. Ina chumvi, nayo inaanza kazi kabla hujamaliza kuchuna. Dawa ya mbu ya kujipaka nayo ni tatizo ambalo wengi hawalijui: zile zenye DEET, kemikali ya kufukuza mbu, zinayeyusha vanishi na plastiki. Paka, nawa viganja, ndipo ushike bunduki.

Mafuta gani? Nina mafuta ya nazi, oili ya gari na petroli.

Mafuta ya nazi, alizeti, samli: hapana kabisa. Mafuta ya chakula yanachacha na kugeuka gundi. Bolti iliyopakwa mafuta ya kula itakuja kukwama siku unayoihitaji.

Oili chafu ya gari ina asidi na chembe za chuma. Hapana. Oili mpya nyepesi, tone moja, kwa dharura inafaa. Petroli inalipuka, mvuke wake unaumiza, na inaondoa kila ulinzi juu ya chuma, usiilete karibu. Mafuta ya taa yamesafishia bunduki za vijijini kwa miaka mingi na yanayeyusha masizi vizuri, ila yenyewe si ya kulinda chuma. Ukiyatumia, kausha na ufuatishe mafuta ya bunduki. Kwa mbao na chuma pamoja, mafuta ya Ballistol ya Wajerumani, ambayo ipo tangu 1904, inastahili sifa yake. Grisi kidogo sana, kiasi cha punje ya mchele, weka kwenye meno ya bolti yanayofunga chemba. Kwingine kote acha utando ambao kidole kinauhisi lakini jicho halioni majimaji.

Huku kwetu ni vumbi tupu. Mafuta yanasaidia au yanaharibu?

Mengi yanaharibu. Vumbi jekundu la Tsavo likikutana na mafuta linakuwa unga wa kusagia. Kwenye ukame, futa bolti iwe karibu kavu, acha grisi kwenye meno tu, na ndani ya bolti kwenye njia ya pini pasiwe na mafuta ya kutiririka. Pini inayoogelea kwenye tope la mafuta inapiga fataki kwa uvivu, na utasikia tiki badala ya mlio. Safirisha bunduki ndani ya mfuko kwenye gari na uitoe unaposhuka. Kila jioni brashi ya meno kuukuu ipite kwenye uso wa bolti na chini ya ukucha wa kutolea ganda, ambapo unga wa shaba na vumbi hujikusanya mpaka ukucha ushindwe kushika.

Ni kweli nyigu wanajenga ndani ya mtutu?

Kweli kabisa. Wale nyigu wa udongo wanapenda tundu lenye ukubwa huo hasa, na kiota kinajengwa haraka kuliko unavyodhani. Mtutu wenye kizuizi, iwe udongo wa nyigu, tope ulipojikwaa, au kitambaa kilichosahauliwa, unaweza kupasuka ukipiga. Kwa hiyo kila asubuhi, na kila baada ya kuanguka, toa risasi, toa bolti na utazame mwanga kupitia mtutu. Usafi huu ni wa sekunde kumi na ndio pekee ambao sitamruhusu mtu aliye nami auruke.

Wawindaji wengi hufunika mdomo kwa kipande cha utepe wa umeme. Hewa inayotangulia risasi huusukuma utepe kabla risasi haijafika, hivyo hakuna haja ya kuutoa. Utepe mwembamba, tabaka moja. Kizibo cha mti au kitambaa kilichosokotwa, kamwe.

Na kama mlio umetoka dhaifu kuliko kawaida, simama. Usivute bolti na kupiga ya pili. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimebaki ndani.

Nimesikia kusafisha sana kunaharibu mtutu. Ni kisingizio cha wavivu?

Kuna ukweli ndani yake. Dawa na vitambaa havimalizi mtutu. Kinachoumaliza ni mdeki unaopinda na kusugua, hasa mahali pawili: mwanzo wa mifereji, na ule ukingo wa mdomo ambapo risasi inaachana na chuma. Ukingo huo ukilika upande mmoja, gesi hutoka bila usawa na risasi inayumba. Ndiyo maana nimesisitiza kusafisha kutokea nyuma.

Bunduki zisizofunguka nyuma, kama nyingi za kujipakia, zinalazimika kusafishwa kutokea mbele. Tumia kizibo chenye tundu kinachouongoza mdeki katikati. Kwenye AK kifuniko cha kikasha cha vifaa kimetengenezwa kufanya kazi hiyo hiyo, na askari wengi wanakitupa bila kujua.

Kamba za kuvuta ni nzuri porini kwa sababu hazipindi na zinaingia mfukoni. Zivute zikiwa zimenyooka, zisisugue ukingo, na zifuliwe. Kamba chafu inarudisha mchanga wa jana.

Kwa .22 je?

Uache mtutu kwa sehemu kubwa. Risasi zake nyingi ni za madini ya risasi yenye nta, hazina koti la kuacha shaba, na mtutu uliosafishwa huchukua risasi kadhaa kabla ya kutulia tena. Safisha chemba na bolti, kwa sababu nta na masizi hujazana huko na maganda yakaanza kugoma. Mtutu unapoacha kulenga, au kabla ya kuhifadhi pwani, ndipo uuguse.

Bunduki za kujipakia zinadai zaidi?

Zinadai, na historia yake ni chungu. Marekani ilipopeleka M16 Vietnam katikati ya miaka ya 1960, askari wengi waliambiwa haihitaji usafi mwingi na hawakupewa vifaa vya kusafishia. Wakati huo huo aina ya baruti ilikuwa imebadilishwa na kuongeza masizi, na chemba hazikuwa na kromu, hivyo zilishika kutu kwenye unyevu ule. Maganda yaligoma kutoka katikati ya mapigano na watu walikufa wakiwa na bunduki zilizokwama. Kamati ya Bunge la Marekani ilichunguza mwaka 1967. Chemba zikawekwa kromu, vifaa na mafunzo vikagawiwa, na bunduki ile ile ikatulia.

Kwa askari wa wanyamapori mwenye silaha ya kujipakia: safisha kila siku iliyopiga, na ifungue na kuikagua kila wiki hata kama haikupiga. Mtutu wenye kromu unavumilia. Njia ya gesi, pistoni, uso wa bolti na midomo ya magazini havivumilii. Magazini zenyewe zibaki kavu bila mafuta, maana mafuta hupenya kwenye fataki na kuziua risasi.

Lini niache kujaribu mwenyewe na kumwita fundi?

Brashi au kitambaa kikinasa na hakisogei kwa nguvu ya kawaida ya mkono, acha. Usijaribu kukitoa kwa kupiga risasi, wala kwa kugonga fito za chuma. Kutu ikiwa imeacha vidonda unavyovihisi kitambaa kinapokwaruza, triga ikibadilika uzito, bolti ikifunga kwa shida na risasi ambazo jana ziliingia vizuri, pini ikigusa fataki bila kulipuka zaidi ya mara moja, au ukiona ufa wowote kwenye chuma au kwenye mbao nyuma ya mtambo, bunduki iende kwa fundi silaha mwenye kibali. Mpelekee na maganda machache yaliyopigwa na bunduki hiyo, yakiwa hayajasafishwa. Alama za pini, alama za ukucha na weusi wa shingoni vitamwambia mengi kabla hajagusa skrubu hata moja.